Magwagwa Hatumwagi: Mwongozo wa Kusoma Barua za Figo

Figo zako huchuja takriban lita 180 kwa siku, zikakuachia lita moja au mbili za mkojo. Nawe unakimbilia choo kuumwaga! Tulia, ndugu yangu. Mwaka 2004 Trairat Pisitkun na wenzake, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba mkojo una vifuko vidogo ajabu vilivyobeba protini za seli za figo. Hizo ni barua. Zisome hivi.

1. Kinga mkojo kwa chombo safi cha maabara. Chupa ya soda haifai, hata uisuuze mara saba.

2. Uweke kwenye barafu. Ukikaa juani, bakteria watazaana na kutoa vifuko vyao, usome barua ya bakteria ukidhani ni ya figo.

3. Uzungushe kwenye sentrifuji ili seli zitue chini na vifuko vibaki juu. Jihadhari na uromodulini: protini hii hufuma nyavu zinazonasa vifuko kama omena.

4. Vitie vifuko kingamwili zenye rangi inayong'aa, zinazoshika protini zake. Protini iitwayo podokaliksini hutambulisha kichujio cha figo. Akwaporini-2, mfereji unaokusanya mkojo. Huku Magwagwa, kwenye mashamba ya chai, kila mkulima anajua: chai iliyopimwa bila namba ya mkulima haina mwenyewe.

5. Vipitishe mbele ya leza, kimoja kimoja. Mashine za aina hii Kenya imezizoea kwa kuhesabu seli za CD4 za wanaoishi na VVU. Lakini seli ina nanometa 7,000 na zaidi. Vifuko vingi havifiki 200. Vikipita kwa kundi, mashine itaona mbuzi watano ikaandika ng'ombe mmoja. Zimua sampuli hadi ujazo wake uwe mara mbili: idadi ikipungua kwa nusu na mng'ao wa kila kimoja ukabaki uleule, hesabu yako ni nzuri.

6. Mwisho, tia sabuni ya maabara. Ukuta wa kifuko ni mafuta, utayeyuka. Vinavyoendelea kung'aa ni takataka, usiviandikie ripoti.

Kazi hii bado ni ya watafiti. Ila figo huugua kimyakimya, na presha na sukari ndio maadui zake wakubwa. Kwa hiyo nenda kituo cha afya, pima zote mbili, na ukikabidhiwa kikopo chenye kifuniko, usione haya. Kijaze, ukirudishe. Barua imefika kwa msomaji.