Nyota za Haraka: Mwongozo wa Kugonganisha Mawingu

Ndugu mtafiti, uliahidi nyota na kongamano ni wiki ijayo. Tulia. Tutagonganisha mawingu mawili ya gesi ndani ya kompyuta, na nyota zitazaliwa, zipende zisipende.

1. Umba mawingu mviringo, laini kama machungwa. Ya kweli yamechanikachanika, yana misukosuko na nguvu za sumaku. Sumaku ina hesabu nyingi, iache. Ukiulizwa, jibu: "Hii ni hatua ya awali." Hatua ya awali hudumu mpaka kustaafu.

2. Weka baridi ya nyuzi 263 chini ya sifuri, kisha yagonganishe uso kwa uso kwa kilomita 20 kwa sekunde. Kasi ya kiwango hicho imetajwa kwa mawingu ya kundi la nyota la Westerlund 2, hivyo utaonekana umesoma. Ni kama mara 100 ya kasi ya sauti katika gesi hiyo. Itabanwa ikawa chapati.

3. Sasa bana matumizi. Kompyuta hukata anga vijisanduku. Mwaka 1902 James Jeans alionyesha ukubwa ambao gesi ikiupita huporomoka kwa uzito wake yenyewe. Mwaka 1997 Truelove na wenzake wakaonya: ukubwa huo uenee angalau vijisanduku 4, la sivyo gesi itakatika vipande ambavyo fundi wake ni kompyuta, si maumbile. Vinne ni ghali. Tumia 2. Mavuno yataongezeka!

4. Gesi ikisongamana, kompyuta hukokota miguu. Wataalamu hulitoa donge zito na mahali pake kuweka nukta inayomeza gesi iliyo jirani. Wao husubiri donge liporomoke kweli. Wewe shusha kizingiti cha msongamano. Kila kibonge kibatizwe nyota.

5. Zima mashine mapema. Nyota kubwa zikiwaka, mwanga na pepo zake hufukuza gesi iliyobaki. Hiyo ni sababu mojawapo ya sehemu ndogo tu ya wingu kuwa nyota. Habari hiyo itakuharibia grafu.

6. Malizia na video: zambarau kwa gesi, dhahabu kwa nyota, muziki wa taratibu. Ukumbi ukipiga makofi, nani atauliza habari za vijisanduku?

Yupo mmoja, kwa kawaida ameketi nyuma. Atakuomba urudie hesabu kwa vijisanduku vya nusu ya ukubwa. Usithubutu. Nyota za kweli hubaki pale pale. Za kwetu hupungua.