Bingwa wa Ndege za Vita kwa Sekunde Kumi

Oktoba ikifika, jiandae. Tarehe 14 ni Siku ya KDF, ukumbusho wa jeshi letu kuvuka mpaka na kuingia Somalia mwaka 2011. Siku sita baadaye ni Mashujaa. Mwaka 2024 sherehe zenyewe za kitaifa za Mashujaa zililetwa Kwale, kule juu mlimani kwetu, na tangu hapo hakuna mtu wa pwani ya kusini anayeweza kujitetea kwamba mambo ya ndege za jeshi ni ya watu wa Nairobi. Wakati wowote mngurumo unaweza kuzuka upande wa Shimba Hills, watu kumi pale barazani wakainua shingo, na mmoja akauliza: "Ile ni ndege gani?"

Kimya kitakachofuata ni chako. Kidake.

Usiogope kwamba hujui. Ndege inapita kwa sekunde kumi. Maelezo yako yatakaa hapo mpaka magharibi. Rubani hawezi kushuka kukusahihisha.

1. Chagua pa kukaa.

Usikae karibu na mstaafu yeyote wa jeshi la anga aliyewahi kuishi Nanyuki. Utamtambua: viatu vyake vinang'aa hata katika vumbi la Msambweni, na saa yake huivaa kwa ndani ya mkono. Mtu huyo ni hatari kuliko kombora. Kaa na wavuvi, wauza madafu, vijana wa bodaboda na mgeni mmoja wa hoteli za Diani aliyepotea njia. Hawa ni watu wa heshima, kila mmoja ana ujuzi wake, na hakuna anayepata faida yoyote kwa kukuumbua.

2. Tazama mbele ya sauti.

Siri hii peke yake inatosha kukulisha miaka miwili. Limbukeni husikia mngurumo, akageuka kutazama unakotoka, akakuta wingu na mnazi. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ndege ikiwa kilomita moja kutoka ulipo, mngurumo unaousikia ni wa sekunde tatu zilizopita, na kwa mwendo wa kilomita 600 kwa saa ndege yenyewe imeshasogea nusu kilomita. Basi sikia, halafu peleka macho mbele zaidi. Nyoosha kidole. Watoto watakifuata kidole chako, wataiona ndege, na kuanzia hapo hata ukisema iliundwa Mariakani watakubali.

Kama mkono wako bado mzito, fanya mazoezi na ndege za abiria zinazotua Ukunda. Zinakwenda taratibu, na walio kando ya barabara wana shughuli zao.

Simu iache mfukoni. Kila aliyewahi kupiga video ya ndege ya kivita ana video ya anga tupu, ukingo wa paa la mabati na kidole gumba. Ukiombwa picha, sema hukupiga kwa heshima ya mashujaa.

3. Jifunze ndege moja tu.

Ndege yenyewe ni F-5. Pua yake ni ndefu na nyembamba kama chuchunge, mbawa zake ni fupi, na nyuma ina matundu mawili ya moto. Kenya ilizipata za kwanza kutoka Marekani mwaka 1978. Hapa inua sauti kidogo: mama wa ukoo huo aliruka mara ya kwanza mwaka 1959. Kwa hiyo umati ukishangilia ndege "za kisasa", vuta pumzi, uwaambie polepole kwamba wanampigia makofi babu yao. Watu husafiri mpaka Ulaya na kulipa kiingilio waone ndege za vita za zamani zikipita angani siku ya kumbukumbu. Sisi tunaletewa bure, na bado ziko kazini.

Miaka ya baadaye ziliongezwa nyingine zilizokwisha tumika Jordan. Hili usilichambue. Sema "mtumba", kisha kunywa kahawa yako. Neno hilo linaeleweka Kongowea na linaeleweka Ukunda, na watu watacheka kwa sauti ya chini kana kwamba umetoboa siri ya serikali.

Ukiona bado wanakusikiliza, watilie kisa cha 1 Agosti 1982. Waasi wa jeshi la anga kule Nanyuki waliwashikia marubani bunduki, waende wakaipige Nairobi kwa mabomu. Marubani wakapaa kama walivyoamriwa. Wakazipindapinda ndege huko juu mpaka mwenye bunduki akavurugikiwa, kisha mabomu wakaenda kuyamwaga katika msitu wa Mlima Kenya. Mwongozo huu unawaheshimu watu hao kuliko wote walio ndani yake. Kazi waliyopewa waliiharibu kwa ustadi ambao wewe na mimi hatutaufikia.

4. Akitokea anayetaka "historia".

Huyu mara nyingi ni mgeni mzee mwenye kofia ya ukili aliyoinunua jana. Baba yake alikuwa baharia, na anataka kujua kama Vita vya Pili vilifika hapa. Usimpe jibu refu. Mwambie neno moja: "Kipanga."

Atashangaa. Mwache ashangae kidogo, halafu endelea. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na tabia ya kuvipa vituo vyake vya nchi kavu majina kama ya meli, na lilipofika huku likaokota Kiswahili. Kituo cha ndege cha Port Reitz, ambacho ukiwa Mtongwe ni ng'ambo ya maji tu, kiliitwa HMS Kipanga. Cha Tanga kikawa HMS Kilele, na cha Nairobi HMS Korongo. Ilikuwa mwaka 1942. Mwezi wa Aprili ndege za Wajapani zilikuwa zimeipiga Colombo siku ya Pasaka na Trincomalee siku nne baadaye, na Waingereza wakaona bora meli zao zije zipumulie Kilindini.

Sasa, kila bibi mwenye kuku pale Tiwi anamjua kipanga: anashuka kama jiwe, kifaranga hana habari. Lakini miongoni mwa ndege za meli za vita za siku zile kulikuwa na Swordfish, na hiyo haikushuka kama jiwe wala kama chochote chenye haraka. Ilikuwa na mbawa mbili, moja juu ya nyingine, mwili wa vyuma umevikwa kitambaa, na watu watatu wamekaa wazi upepo ukiwachapa usoni. Mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 220 hivi kwa saa, na ikibeba topedo tumboni ilikuwa ikijikokota. Dereva wa Probox wa Lunga Lunga, na abiria wake tisa, angeipigia honi impishe. Mabaharia wenyewe waliibandika jina la mfuko wa nyavu wa kwendea sokoni, kwa sababu haikukataa mzigo.

Acha wacheke. Wakimaliza, waambie kwamba mfuko huohuo ndio uliozilemaza manowari za Italia bandarini Taranto Novemba 1940, na ndio uliouvunja usukani wa manowari ya Wajerumani, Bismarck, Mei 1941. Hapo mgeni atakununulia dafu. Likubali. Usimwambie kwamba mambo hayo uliyajua jana usiku.

5. Turufu.

Kuna siku utabanwa. Labda yule wa Nanyuki atakuja na kiti chake, akae. Basi rudi nyuma zaidi, mpaka Vita vya Kwanza, ambako hata yeye hakufunzwa.

Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, ikakimbilia katika mikoko ya delta ya Rufiji na kujificha. Mikoko unaijua, ukiingia ile ya Gazi huoni mtu aliye hatua ishirini. Waingereza wakakodi rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, mwenye boti ya kuruka. Novemba akapaa kutoka kisiwa kidogo cha Niororo kwenda kuitafuta manowari. Safari ya kwanza alipotea, akaja kupatikana kwenye kisiwa kingine. Rejeta ya ndege ikawa imekufa. Meli ikatumwa Mombasa, na ikarudi na rejeta ya gari la Ford.

Wakaifunga. Ndege ikapaa, na Cutler akaiona Königsberg mahali ilipojificha.

Kisimulie kisa hicho mbele ya fundi yeyote wa gereji ya Ukunda, umtazame uso. Atakuuliza walifunga kwa boliti au kwa waya, na yule mstaafu wa Nanyuki atakuwa amesahaulika kabisa. Ya Desemba, injini ilipozimika Cutler akashuka mtoni na Wajerumani wakamkamata, yaseme haraka. Hivyo hivyo na ya Julai 1915, ndege nyingine zilipotokea Mafia kuwaelekeza wapiga mizinga wa meli za Waingereza, Severn na Mersey, mpaka manowari ikaangamia tarehe 11. Rejeta inatosha. Usiizidishie chumvi.

Ila jihadhari na kosa moja. Kwa kuwa umechangamka, utataka kuzileta ndege hizo mpaka Kwale. Usifanye. Vita vya kwetu vilikuwa vya miguu: Gazi, Oktoba 1914, Wajerumani walipokuja wakarudishwa, na Jasini, ukishapita Vanga kidogo, Januari 1915, ambako wao ndio walioshinda. Ndege waliokuwa juu ya Jasini walikuwa na manyoya.

6. Swali ambalo halina ujanja.

Nililipata Msambweni, kibarazani kwa watu, bibi mmoja akisuka ukili. Nilikuwa nimeshafika kwenye Bismarck, mikono hewani, dafu la pili. Akaniuliza bila kuinua macho: "Mwanangu, na hizo ndege zenu zilikuwa wapi meli ya Kilindini ilipozama?"

Alikuwa akiisema Khedive Ismail. Ilitoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, na ndani yake kulikuwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, mchana kweupe, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga topedo mbili. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari zilizoisindikiza meli zikaangusha mabomu ya kuifuata humohumo. Waliokufa walikuwa 1,297.

Nikaanza kumweleza habari za Catalina, zile boti za kuruka zilizokuwa zikitoka Kilindini kuwinda nyambizi. Nilifika katikati ya sentensi ya pili nikaona hazimsaidii. Nikasema, "Allahu aalam, bibi."

Ukiulizwa hivyo, na wewe sema hivyo. Kisha msogezee miyaa iliyo mbali na mkono wake, ukae kimya mpaka mtu mwingine alete mazungumzo mengine.

7. Mtoto.

Adui wa mwisho ana miaka tisa na meno mawili hayapo. Anacheza michezo ya vita kwenye simu ya kaka yake, anajua mkia wa kila ndege, na hajafundishwa kumstahi mkubwa anayesema uongo. Mimi alinipata Diani, karibu na kituo cha matatu. Mngurumo ulitokea, nikatazama mbele ya sauti kama nilivyokufundisha, nikanyoosha kidole kabla ya mtu yeyote, nikatangaza: "F-5!"

"Ami," akasema, "ile ina feni juu."

Barabara nzima ilinitazama. Hata helikopta, nadhani.

Usimkaripie mtoto kama huyo, na usijaribu kueleza kwamba jua lilikuwa machoni. Mwite jina lake zuri, mshike bega, waambie watu kwamba ulikuwa unampima. Mnunulie mabuyu ya rangi, pakiti moja, na sherehe nyingine mkalishe upande wako wa kulia akunong'oneze kabla hujafungua mdomo. Wangu alianza kwa mabuyu ya shilingi kumi. Wiki iliyopita amenitumia salamu kupitia kwa mama yake kwamba Oktoba hii bei imepanda, anataka na achari ya embe.