Shangazi Ndiye VAR

Mashindano yetu ya eFootball, mpira wa mchezo wa video, kati ya vijana wa Gitega na vijana wa Muyinga yalianza na kanuni moja tu: usidanganye. Niliiandika mwenyewe. Nilifanywa mwamuzi kwa sababu katika kundi zima ni mimi peke yangu nisiyejua kucheza, na wenzangu walikubaliana kwamba mtu asiyejua kitu hawezi kukipendelea. Mpira wenyewe, ule wa nyasi na jasho, unasimamiwa na bodi ya IFAB iliyoundwa mwaka 1886, na mpaka leo kanuni zake ni 17. Sisi tulizipita 17 kabla hatujafika robo fainali.

Nimegundua kwamba kanuni hazitungwi na mwamuzi. Zinatungwa na wajanja, mwamuzi anakuja nyuma na kalamu. Kanuni ya pili, kwa mfano, ni mali halali ya kijana mmoja wa upande wa Muyinga anayeishi karibu na Kobero, mpakani. Kule simu ikishika mnara wa Tanzania, saa inaruka mbele saa nzima. Mechi yake ilikuwa saa mbili usiku. Saa moja yetu sisi yeye alishaingia, hakumkuta mpinzani, akapiga picha ya skrini na kunitumia: "Bwana mwamuzi, huyu kakimbia. Nipe tatu bila." Hiyo tatu bila aliitoa FIFA, ambako timu isiyotokea huhesabiwa imefungwa hivyo hivyo. Vijana hawa sheria inayowafaa wanaijua mpaka nukta. Nikaandika: saa ni ya Burundi. Mechi iliyofuata alichelewa, akanieleza kwa upole kwamba alikuwa akihesabia saa ya Tanzania, kumbe safari hii simu yake imesharudi nyumbani.

Halafu mwaka 2025 ramani ya nchi nayo ikaingia uwanjani. Mikoa 18 ikawa 5. Tulikuwa na mchezaji mmoja wa Karusi, katikati ya barabara ya Gitega na Muyinga, tuliyempanga upande wa Muyinga kwa sababu walikuwa pungufu. Mkoa wa Karusi ulipomezwa na Gitega, watu wa Gitega wakamdai, pamoja na mabao yake yote. Muyinga wakajibu kwamba tukifuata ramani basi wao sasa ni Buhumuza, na kesho wanakwenda kuokota washambuliaji Ruyigi na Cankuzo. Nikaamua kila mtu abaki alipokuwa kabla ya ramani mpya. Nadhani ni mimi peke yangu nchini niliyeahirisha mageuzi ya utawala kwa ujumbe wa sauti.

Lakini ugonjwa wetu mkubwa ni kukatika. Ukiwasikiliza wachezaji, umeme wa nchi hii unafuatilia mechi: haumkatikii anayeongoza hata siku moja. Unasubiri mtu afungwe la tatu, ndipo unaondoka. Intaneti nayo ina adabu hiyo hiyo. Ni kweli sisi hatuna bahari, na pasi inayopigwa Gitega kwa kawaida husafiri nchi za watu mpaka ifike kwenye nyaya za baharini, kwa hiyo visingizio vyetu vina msingi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika kweli, na mtandao wa Afrika Mashariki ukayumba. Ila mchezaji wetu mmoja aliendelea kukatikiwa na nyaya hizo hizo mwaka mzima baada ya mafundi kuziunga. Kila akikaribia kufungwa, meli inatia nanga juu ya nyaya.

Utamhukumu vipi? Niko Gitega, yeye yuko Muyinga, na giza halina risiti. Ndipo nikampata shangazi. Si wangu, ni wa mtaa mzima: mama anayekaanga maandazi jirani na wachezaji wetu wengi wa Muyinga. Mtu akipotea katikati ya mechi, nampigia.

"Shangazi, habari za jioni? Umeme upo huko?"

"Upo, mwanangu. Hata taa ya choo inawaka."

Tatu bila. Hakuna rufaa. Walijaribu kusema umeme upo mtaani lakini kashpawa, umeme wa kulipia kabla, ya nyumbani imeisha, shangazi akawa anachungulia dirishani kwao kabla ya kunijibu. Kwa muda mfupi tulikuwa na haki ambayo sijaiona kwenye ligi yoyote.

Kisha nikasikia anaanza kuuliza maswali. "Umeme? Kwani anacheza nani?" Upande wa Gitega ukafanya uchunguzi wake, ikabainika kwamba kiungo bora wa Muyinga anamposa binti wa shangazi. VAR, ule uamuzi wa video, ilipoanza Kombe la Dunia mwaka 2018 kule Urusi ililalamikiwa mengi, lakini haikuwahi kuwa mama mkwe wa mchezaji.

Gitega nao wasijifanye watakatifu. Nahodha wao, ambaye ni shemeji yangu, mchana alikuwa hawezi kupiga pasi ya hatua tatu, usiku anacheza kama kapagawa. Siri ilikuwa mpwa wake chini ya blanketi. Nilipombana alikuja juu: "Shemeji, kwani Ulaya hawafanyi?" Wanafanya. Mei 2020, dereva Daniel Abt wa Audi alimweka kijana mwingine amwendeshee gari katika mbio za kompyuta za Formula E. Akagundulika, akaamriwa kutoa euro 10,000 kwa hisani, na Audi ikamsimamisha kazi. Nilimsomea yote hayo. Shemeji akafikiri, akauliza kama Audi wana nafasi.

Basi nikaagiza kila mchezaji apige simu ya video wakati wa mechi, uso uonekane. Uso ukaonekana, mikono ikawa ya mpwa. Nikaagiza mikono nayo ionekane. Sasa kila kitu kilionekana isipokuwa mechi, maana video ilikula intaneti yote, mpira ukawa unaganda hewani kama unasubiri kibali. Kanuni hiyo niliifuta usiku ule ule.

Muyinga walishinda fainali. Kwa halali, naapa, ingawa Gitega bado wanadai sala ya isha ya mfungaji wa Muyinga, iliyosimamisha mechi, ilikuwa ndefu kuliko tarawehe. Zawadi ilikuwa mbuzi, tuliyemnunua hapa Gitega kwa michango. Tatizo ni kwamba petroli ilikuwa imeadimika, na hakuna dereva aliyekubali kumpa mbuzi nafasi ambayo abiria wanaigombania kwa viwiko. Akabaki kwangu. Nimepekua kanuni zote 28, hakuna inayosema nani anunue majani.

Juzi kazaa. Muyinga wanasema mtoto ni sehemu ya kombe. Gitega wanasema mtoto amezaliwa Gitega, ni mchezaji wa nyumbani, na shemeji amependekeza achezewe mechi moja, usiku. Leo asubuhi shangazi kanipigia kuuliza kama ni dume au jike. Nimemuuliza anauliza kwa niaba ya nani. Simu ikakatika.