Mzazi wa Nani?

Niuzie maji baridi kwanza, mengine baadaye. Nimetoka Homa Bay, na jua la Desemba limenianika kama omena.

Kisa ni mpwa wangu aliye Marekani. Alipiga simu akasema, "Anko, huku vyuo vya mitaani vina kozi fupi za winter. Wiki chache tu, umemaliza." Theluji iko nje, yeye yuko ndani anasoma. Mama watoto akasikia. Basi! Nikaandikishwa hapo hapo: kompyuta packages, likizo yote, bila haki ya kukata rufaa.

Kozi Migori ziko. Lakini nani anataka majirani wamwone? Nikapanda matatu. Awendo, akaingia mtu na miwa, nikapakata miwa. Rongo, akaingia mwenyekiti wa chama chetu. Kati ya matatu zote! "Jaduong', kitabu na kalamu unapeleka wapi?" Nikasema ni za mtoto. Mpaka Rodi Kopany aliniuliza mtoto yupi.

Getini soja hakuuliza hata jina. "Wazazi wanalipia fees dirisha lile." Nikamwambia mimi ndiye mwanafunzi. Akamwita mwenzake, nikaombwa nirudie.

Darasani ni watoto watupu. Wamemaliza KCSE juzi, wanangojea matokeo. Mimi pia nilifanya KCSE, tena ile ya kwanza kabisa, 1989. 8-4-4 ya wakati ule ilitufundisha useremala, kushona na kilimo. Kompyuta hatukuiona hata kwa picha. Kijana mmoja akaniuliza kwa heshima kama tulikuwa na madawati.

Mashine moja, watu wawili. Nikawekwa na kasichana. Kanachapa kwa vidole vyote huku kakinitazama kwa huruma. "Jaduong', pumzika, nitakufanyia." Nikapumzika mpaka Krismasi.

Siku ya Excel nikajua nimefika kwangu. Hesabu za duka! Nikajumlisha kwa kichwa, nikamaliza kabla ya wote. Mwalimu akasema jibu ni sawa, lakini kompyuta yangu haijafanya kitu. Sifuri. Huyo mwalimu ni rika la kitinda mimba wangu. Kila dakika, "Mzazi ameelewa?" Darasa zima linageuka. Stima ikapotea, nikamshukuru Mungu. Wakawasha jenereta.

Na utamlalamikia nani? Katiba ya 2010 ilizipa kaunti polytechnic za vijijini. Vyuo vikubwa vya kiufundi viko chini ya serikali kuu. Changu kiko juu ya duka la dawa, ni cha mtu binafsi, na huyo mtu ndiye anayeshika risiti za fees. Nikanyamaza.

Siku ya kufunga nimevaa suti. Mwalimu akanikimbilia. "Mzazi, mgeni wa heshima amekwama njiani, tusaidie kugawa vyeti." Nikagawa. Nikapeana mikono, nikapigwa picha, hata nikawahutubia kuhusu bidii. Nikachangia soda pia, maana mgeni wa heshima hawezi kukataa. Rundo likaisha, jina langu silioni. Cheti changu kiko ofisini, nina balance ya fees. Ile pesa ya kuimaliza ndiyo iliyokunywa soda.

Mama watoto ameuliza, "Cheti kiko wapi?" Nimemwambia mgeni wa heshima hapewi cheti. Sasa anataka kuona bahasha niliyopewa.

Hayo maji andika kwa kitabu.