Kitenge Kimoja, Rangi Nne

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyoko wilayani Dowa nchini Malawi, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, hakuna chombo cha kupima rangi kilicho makini kuliko kitenge cha sare, yaani kile kitambaa ambacho ukoo wa bibi harusi hukinunua kwa jora na kukigawana kwa mashangazi, wakwe na majirani wa kutegemewa ili siku hiyo wote waonekane watu wa nyumba moja. Kitambaa kina rangi moja, na kila aliyekivaa anaijua rangi hiyo kwa sababu aliichangia fedha. Kwa hiyo albamu inapofika huku shangazi mmoja akiwa amevaa rangi ya machungwa, wa pili ya tofali, wa tatu ya kutu na wa nne rangi ambayo haijawahi kuuzwa sokoni, mshtakiwa huwa si jua wala taa, bali mpigapicha.

Chanzo cha mkasa huu ni jambo ambalo wapigapicha wengi huligundua wakiwa wamekwisha kulipia kamera, nalo ni kwamba faili ghafi, yaani kumbukumbu ya mwanga ambayo kamera huiweka kabla ya kuigeuza kuwa picha ya kawaida ya JPEG, haina rangi iliyokamilika ndani yake. Kitambuzi cha kamera, ambacho ndicho kibamba kinachopokea mwanga, hakijui kutofautisha buluu na nyekundu. Kinajua wingi wa mwanga tu, na ndiyo maana juu ya vijicho vyake mamilioni hutandazwa vichujio vidogo vya rangi kwa mpangilio aliopewa hataza Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak mwaka 1976, nusu vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu. Kila kijicho huleta tarakimu ya rangi moja, na programu ya kusafishia picha ndiyo inayokisia tarakimu mbili zilizobaki kwa kuangalia walichosema majirani, hali inayoifanya picha ya harusi kuwa mkusanyiko wa habari za majirani, kama ilivyo harusi yenyewe.

Baada ya majirani kuulizwa huja swali zito zaidi, ambalo ni lile la mizani ya weupe: programu lazima iambiwe mwanga wa mahali ulikuwa wa namna gani ili kilicho cheupe kibaki cheupe. Mwanga hupimwa kwa kelvini, na kipimo hiki hufuata desturi ya chuma cha mhunzi, ambacho huwa chekundu kinapoanza kupata moto na hukaribia weupe kinapozidi. Hivyo balbu ya waya, yenye wekundu wa kupendeza, ina takriban kelvini 2,800, jua la mchana takriban 5,500, na kivuli chenye ubuluu wa anga kinaweza kuvuka 7,000. Mwanafunzi aliyekariri kwamba namba kubwa ndiyo buluu hupoteza jioni nzima akiongeza namba ili picha iwe ya buluu, na programu, kwa kuwa imeambiwa kwamba mwanga ulikuwa wa buluu, humrudishia picha ya njano kwa nia njema kabisa ya kusawazisha.

Dzaleka huongeza ugumu wake. Udongo wa mahali hapo ni mwekundu, na kuanzia Mei hadi mvua za Novemba hutimka na kukaa juu ya kila kitu. Jua likiupiga, ardhi hurudisha mwanga wa rangi ya tofali juu ya pindo la shela, hata gauni likawa jeupe mabegani na la chai magotini. Ndani ya kanisa hali ni nyingine, kwa maana turubai la buluu lililotandikwa kuzuia uvujaji huwapaka waimbaji sura za watu waliotoka kuogelea Ziwa Malawi mwezi wa Julai, huku taa za LED za bei nafuu, ambazo mara nyingi huegemea ukijani, zikimwagilia madhabahu. Bibi harusi hupita katika mianga hiyo yote kwa mwendo wa maringo usiozidi hatua chache kwa dakika, na kamera iliyoachwa ijichagulie mizani yenyewe hubadili mawazo kwa kila picha: mashangazi wa rangi ya machungwa wakijaa mbele ya lenzi, yenyewe huona kuna njano kupita kiasi, huipunguza, na bwana harusi aliyesimama nyuma yao hugeuka buluu bila kosa lolote.

Dawa inayotajwa haraka ni kubofya juu ya gauni na kuiamuru programu ilihesabu kuwa jeupe. Dawa hii ina sumu, kwa sababu vitambaa vingi vyeupe vya kisasa, pamoja na karatasi za ofisini, hutiwa kemikali inayopokea miali isiyoonekana na kuitoa kama mwanga wa buluu ili weupe ung'ae. Programu ikiondoa ubuluu huo kwa ajili ya gauni, huuondoa pia usoni, na ukoo mzima hupata homa ya manjano. Kinachofaa ni kadi ya kijivu isiyoegemea rangi yoyote, ipigwe picha katika kila mwanga mpya, kisha mizani yake inakiliwe kwa picha zote za mwanga ule. Asiye na kadi anaweza kukunja tabaka nyingi za ule utepe mweupe ambao mafundi bomba huuzungusha kwenye nyuzi za koki, maana weupe wake ni wa kuaminika kuliko wa shela nyingi. Kumshikisha bibi harusi utepe wa bomba mbele ya wakwe, hata hivyo, kunahitaji ujasiri ambao hakuna programu inayoutoa, na busara ni kumpa mtoto wa kubeba maua.

Kamera ya pili, ile ya kuazimwa, huleta fitina ya aina yake. Vichujio vya kampuni moja si sawa na vya nyingine, kwa hiyo namba ileile ya kelvini huweza kutoa nyekundu mbili tofauti, na albamu moja ikasomeka kama harusi mbili zilizokutana njiani. Suluhisho ni profaili, yaani jedwali linaloieleza programu jinsi kamera fulani inavyoona rangi. Hutengenezwa kwa kupiga picha kadi yenye vipande 24 vya rangi zinazojulikana, na darktable na RawTherapee, ambazo ni programu za bure, hupokea profaili za namna hiyo.

Hata hayo yakitimia, umeme hukatika. Kompyuta ikihamia kwenye betri hupunguza mwangaza wa kioo ili kubana matumizi, picha huonekana za giza, msafishaji huziinua, umeme unarudi, na nusu ya pili ya albamu hukutwa imepauka kama iliyofuliwa kwa jiki. Kisha picha hupelekwa Lilongwe kwa flashi kuchapishwa, ambako mashine ikiachwa katika urekebishaji wa kiotomatiki hukuta udongo mwekundu, huuona kuwa hitilafu, na kuutibu hadi barabara za Dzaleka zinafanana na lami. Faili iliyohifadhiwa katika nafasi ya rangi ya Adobe RGB ya mwaka 1998, ikasomwa na mashine inayodhani kila kitu ni sRGB ya mwaka 1996, hutoka imefifia, na hapo mhudumu kwa ukarimu huuliza, “Kaka, niongeze rangi kidogo?” Jibu la kitaalamu ni kuomba marekebisho yote yazimwe na kuchapa picha chache za majaribio kwanza, hasa kwa vile tangu serikali ilipoagiza mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, safari ya kwenda mjini kurudia chapa si jambo la kuchukuliwa kimzaha.

Tamasha la Tumaini, linalofanyika kambini tangu mwaka 2014, ni rahisi zaidi kwa upande wa rangi, kwani mwimbaji mwenye uso wa zambarau chini ya taa za jukwaani hamshangazi mtu. Kanisani hakuna msamaha wa namna hiyo, na pale turubai la buluu linapompiga bibi harusi shavu la kushoto na balbu shavu la kulia, hakuna namba moja ya kelvini inayoweza kuyapatanisha; msafishaji atenganishe mashavu kwa mkono, picha baada ya picha, au amwombe mzee wa kanisa azime balbu, ombi ambalo hukataliwa kwa kuwa jenereta imekodiwa. Wapo wanaokimbilia kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe na kuiita sanaa. Kamati ya harusi huipokea albamu hiyo kwa heshima, huifungua, huifunga, kisha huuliza kile kitenge kilinunuliwa cha nini.