Kuku Ana Mlinzi

Kuna hoteli moja hapa Bukoba, jina lake naliweka akiba, imetundika bango: "Bufee ya Kiasia, kila Jumapili, Kula Unavyoweza, Sh. 10,000." Mhaya ukimwambia ale anavyoweza umemchokoza. Nikampigia simu mjomba wangu wa Kamachumu, Muleba, mzee anayeamini chakula cha hotelini ni adhabu ya wasio na ndugu. Akapanda Hiace alfajiri, bila kugusa hata chai.

Kwanza unalipa. Anayekulipisha kabla hujafunua sufuria anajua kilichomo ndani ya sufuria. Kisha unapewa sahani, na nasema sahani kwa heshima tu, maana nyumbani hicho tunawekea kikombe.

Meza imepangwa kwa hila. Unaanza na wali wa kukaanga, kisha pilau, kisha tambi zenye karoti na hoho, chapati zilizokatwa robo, kabichi, halafu kabichi ileile yenye sosi ya soya. Ukifika mwisho sahani imefurika wanga, na hapo ndipo unapokutana na kuku. Vingine vyote unajipakulia mwenyewe, ila kuku ana mlinzi: kijana mwenye kofia ya mpishi na koleo mkononi.

"Kipande kimoja, mzee. Ndiyo utaratibu."

Nikamwonyesha bango dirishani. Akanijibu kwa adabu kabisa kuwa bango limetaja kula, halikutaja kuku. Mchezo huu naujua toka harusini, ambako umechangia kadi ya dabo na bado nyama unapimiwa. Lakini harusini angalau unafidiwa kwa kumwona bibi harusi.

Mama mmoja nyuma yangu hakubishana. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 watu wamekuwa wabunifu: huku akiisifia kofia ya kijana, sambusa zilikuwa zinazama moja moja kwenye mkunjo wa kitenge chake.

Na hiyo Asia yenyewe iko wapi? Pilau, chapati, sambusa, bajia, vyote navila kwa jirani yangu kila Idi, tena kwake naongezwa hata nikikataa. Pembeni kabisa zilikuwepo ndizi na maharage, zimekaa juu ya moto wa spiriti tangu asubuhi mpaka zikapata rangi ya saruji.

"Waitu," mjomba akaninong'oneza, "hata hizi nazo ni za Wachina?"

Nikamweleza wanachosema wataalamu wa mimea: asili ya mgomba ni kusini-mashariki mwa Asia, ukafika kwetu zamani sana. Mzee ana kibanja alichorithi kwa babu, halafu anaambiwa ebitooke ni wageni! Akaweka uma chini, akatafakari. Kwa hesabu hiyo, akasema, Muleba tumekuwa na bufee ya Kiasia kabla hoteli hazijazaliwa, tena ya moto, juu ya jani la mgomba, na ukila kidogo unaulizwa umegombana na nani. Elfu kumi hajawahi kudai mtu.

Sikuwa na la kumjibu, nikapendekeza turudishe hasara kwenye kahawa. Hiyo haina mjadala. Robusta ni mti wa ukanda huu, Wahaya walikuwa wakiitafuna kabla Emin Pasha hajaanzisha kituo cha Wajerumani hapa Bukoba mwaka 1890, na kiwanda cha TANICA kinachotengeneza kahawa ya unga kiko mjini hapahapa. Mhudumu akaleta maji ya moto na kipakti cha kahawa kilichotoka ng'ambo.

"Kahawa haimo kwenye bufee, wazee wangu. Ni elfu mbili."

Mimi nilianza kupandisha sauti. Mjomba akanituliza kwa mkono, akatoa mfukoni kifungu chake cha kahawa za kutafuna, akanipa mimi, akampa mama wa kitenge, akawapa na watu wa meza ya pili ambao hakuwafahamu, kila mmoja kiganja kizima, kama desturi ya kwetu inavyotaka. Kijana wa koleo naye akasogea, akanyoosha mkono.

Mjomba akamchagulia punje, akamwekea katikati ya kiganja.

"Moja tu, mwanangu. Ndiyo utaratibu."