Barua ya Wazi: Maombi ya Wati 350

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Umeme,

YAH: MAOMBI YA WATI 350 KWA AJILI YA MAMA MZAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakushukuru kwa tangazo lako la juzi kwamba keshokutwa umeme utakatwa kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni kupisha ubadilishaji wa nguzo, na kwamba unaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Napenda kukujulisha kuwa usumbufu huo ulishajitokeza. Una umri wa miaka 71, umelala chumba cha uani, na ndio ulionizaa.

Mama alipikia kuni miaka arobaini kwa sababu umeme ulikuwa bado unakuja. Moshi haukusubiri nguzo. Uliwahi, ukahamia kifuani. Sasa umeme nao umefika, ila una tabia za mgeni mwenye haraka: unaaga kabla ya chai.

Mashine ya oksijeni anayopumulia sasa si anasa. Inavuta hewa hii hii unayoivuta wewe bure, ambayo asilimia 21 tu ni oksijeni, inachuja naitrojeni, kisha inampa oksijeni ya asilimia 90 na ushee. Kwa kazi hiyo inakula wati 350 hivi. Pasi inayonyoosha suruali yako ya ofisini inakula mara tatu yake. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Nimegawanya kwa kalamu: zingetosha mashine kama ya mama zaidi ya milioni 6. Mimi naomba umeme wa mashine moja.

Utauliza kwa nini hatujajiandaa. Tumejiandaa. Inveta tunayo, ila betri yake huchajiwa na umeme, na umeme ndio huo huo wako. Mtungi wa oksijeni tunao, wa lita 680. Mama anatumia lita 2 kwa dakika, kwa hiyo mtungi unakwenda saa 5 na dakika 40. Mkikata saa 3:00, utaisha saa 8:40 mchana. Hadi saa 11:00 zinabaki saa 2 na dakika 20. Naomba mwongozo wa ofisi yako: katika muda huo mama afanye nini? Asome tangazo?

Mwezi uliopita mlipokata umeme mkapitiliza hadi saa 2:00 usiku, nilipiga simu huduma kwa wateja. Dada mmoja mwenye sauti ya asali aliniomba namba ya mita. Nikampa. Nikamwambia mama anaishiwa pumzi. Akasema mafundi wako njiani, kisha akaniuliza kama nina tatizo lingine. Nilifikiri kidogo, nikamjibu kuwa kwa leo ni hilo tu. Aliyetuokoa ni kinyozi jirani. Alimwacha mteja na nusu kichwa, akatuvutia waya kutoka kwenye jenereta yake. Usiku ule mama alipumua kwa hisani ya saluni.

Mafundi siwalaumu, anayepanda nguzo kwenye mvua namvulia kofia. Nguzo iliyooza nayo lazima ibadilishwe. Nalaumu daftari ambalo sijaliona ofisini kwako. Uingereza, makampuni ya umeme yanalo daftari la wateja wanaotegemea mashine za tiba. Kujiandikisha ni bure, na umeme ukitaka kukatwa kwa matengenezo wanaarifiwa mapema. Kwa hilo hatuhitaji bwawa jingine. Tunahitaji daftari, kalamu, ujumbe wa simu siku mbili kabla, na saa 11:00 iwe saa 11:00.

Namba ya mita yetu mnayo. Pembeni yake andikeni: hapa kuna mtu anapumua kwa umeme.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja

Nakala: Kinyozi wa mtaa wetu, kwa utekelezaji.